Mahojiano Katika Chumba cha Pasi

Viti viwili nilikopa kwa fundi cherehani,
kimoja changu, kimoja cha mgeni,
changu kirefu kidogo. Sikuwa nimepanga,
ila nilipokaa nikaona kinafaa.

Twaha, mtoto wa kaka, alinichapia maswali kumi.
"Shangazi, siku hizi mtu haajiri kwa macho.
Usicheke. Usimpe chai.
Akisema, andika, hata kama huandiki kitu."

Saa tatu kamili, kwa miguu, Muyeye mpaka hapa Barani,
vumbi limekomea kwenye vifundo, viatu vimefutwa mlangoni:
Nyevu Charo, cheti ndani ya bahasha ya kaki.

Nikamuuliza udhaifu wake.
Akasema hufanya kazi kupita kiasi.
Nikaandika *mwongo*. Kisha nikafuta,
maana tangazo langu lilisema "mazingira mazuri",
na chumba hiki kina dirisha moja,
nalo hufunguliwa kwa bisibisi.

"Baada ya miaka mitano unajiona wapi?"
Akakitazama kiti changu, miguu yake yote minne.
"Hapo."
Twaha hakuniandikia la kujibu.

Alipoinama kuniokotea kalamu
ukosini kikachungulia kitambaa cheupe
na wino wangu, usiotoka hata kwa jiki: 317.
Blauzi ya karani wa posta,
yule alipaye akikumbuka.
Ile mikunjo ya mikono, ule upanga begani,
ni mimi. Kazi yangu
imekuja kuniomba kazi.

Sikusema. Wala yeye hakusema alichokiona,
daftari la mishahara, wazi mezani:
Kahaso, Mbodze, Dama, Dama wa pili,
wote wamepigwa mstari kwa rula.

Nilitaka nini?
Mtu asiyeunguza shuka za hoteli.
Ajuaye kwamba "niko njiani" si "nimefika".
Na nikisema kweli, mtu mwenye shida kiasi,
si shida sana, maana mwenye shida sana
siku ya tatu huomba adivansi.
Hayo hayamo kwenye karatasi ya Twaha.

Karatasi ilisema: *mwache naye aulize.*
Wengi hunijibu, sina swali, Mama.
Nyevu akafunua kiganja. Alikuwa ameyaandika.

"Mshahara tarehe ngapi?"
"Tano."
"Na Mei, hoteli zikifunga?"
Nyuma yangu pasi ikafoka mvuke peke yake.
"Na huyu wa mwisho, aliondoka au aliondolewa?"

Miaka kumi na tisa nahoji watu,
sikujua kwamba kutoka kiti kile kifupi
mtu huona chini ya meza.

Nikamwambia. Mei nalipa nusu,
nusu ya pili huja na wageni wa Julai, au haiji.
Dama wa pili aliungua mkono. Dawa nililipa,
siku alizolala sikulipa.
Nilisema upesi, kama mtu atemaye mwiba wa samaki.

Akanyamaza. Halafu:
"Blauzi hii si yangu."
"Najua. Mkono wa kushoto niliubabua kidogo. Uliona?"
"Niliona."

Hapo nikacheka. Twaha, nisamehe.
Nikamimina na chai.
Nikasema kazi ni yako, Jumatatu, saa moja.

Akanywa mpaka majani.
Akakibeba kile kiti kwa fundi bila kutumwa,
akarudi kuchukua bahasha, na mlangoni akageuka:
"Nitakupigia, Mama."

Leo Alhamisi.
Simu nimeiweka kwenye meza ya pasi, kioo juu.
Imelia mara mbili.
Twaha, kuuliza kama maswali yalisaidia.
Na karani wa posta, analeta nguo sita,
na blauzi.
Nikamuuliza, imevaliwa na nani?
Akasema, yakuhusu nini, Mama, wewe fua.